Mkate wa Fundi na Ini la Mkewe

Kabla jogoo hajawika mara ya pili, Fundi Mkate alikuwa ameshazama katika unga mpaka viwikoni. Alikanda donge, akaligeuza, akalikanda tena. Mtaani walisema mikate yake ilikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga, naye hakubisha. Mkate wa kwanza kutoka tanurini haukuuzwa. Aliufunga kwa kitambaa safi akampelekea mkewe.

"Kula, mama watoto. Ungali moto."

Mkewe, mshonaji wa nguo, alisimamisha cherehani akala. Alikula ili kumfurahisha mumewe. Lakini mwaka ule mwili wake ulikuwa unaisha. Tumbo lilijaa gesi, aliharisha mara kwa mara, na miguu ilichoka kukanyaga cherehani. Kadiri alivyokonda, ndivyo mumewe alivyomkatia vipande vinene zaidi.

Alipokwenda zahanati, walimpima damu. Damu ilikuwa pungufu. Tena majibu yalionyesha kwamba ini lake lilikuwa na hitilafu.

Habari haina miguu, lakini hutembea. Jioni dada yake Fundi alifika, akamvuta pembeni.

"Kaka, ini haliugui bure. Hiyo ni pombe. Mchunguze mkeo."

"Mke wangu hajaonja pombe tangu azaliwe!"

"Ulikuwepo alipozaliwa?"

Neno lile likamkaa Fundi moyoni kama mwiba. Kesho yake, mkewe alipotoka kuchota maji, alifungua kabati la vitambaa akaanza kupapasa. Aliposikia ndoo ikitua, alishtuka. Mkewe alikuwa mlangoni.

"Unatafuta nini?"

"Mkasi."

"Mkasi uko mezani, mbele ya pua yako."

Mkewe akaketi kitandani taratibu.

"Kama ni chupa, tafuta na chini ya godoro. Ukimaliza, vikunje vitambaa vyangu kama ulivyovikuta."

Fundi alivikunja kimoja kimoja, uso umemshuka kwa aibu. Kisha akaketi kando ya mkewe.

"Nisamehe. Twende hospitali kubwa pamoja. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Huko hospitali, daktari aliuliza juu ya pombe, dawa za dukani na mitishamba. Hakukuwa na chochote. Akapima virusi vya homa ya ini. Havikuwepo. Ndipo akamwita mtaalamu wa lishe, mama mmoja mcheshi ambaye wagonjwa walimwita Bibi Lishe.

"Asubuhi unakula nini, dada?"

"Mkate."

"Mchana?"

"Mkate uliobaki asubuhi."

"Na usiku?"

"Bibi, mimi nimeolewa na mwokaji."

Wote wakacheka. Lakini Bibi Lishe na daktari walitazamana.

"Tunashuku ngano," alisema daktari.

Fundi aliruka. "Basi aache leo leo!"

"Taratibu, mzee. Asiache kabla ya vipimo. Akiacha sasa, ugonjwa unaweza kujificha."

Wakampima damu tena. Baadaye wakamwingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, wakachukua vipande vidogo vya utumbo. Jibu likatoka: ugonjwa wa siliaki.

"Fundi, ni nini kinachofanya donge lako livutike?" aliuliza Bibi Lishe.

"Ule mnato wa ngano."

"Mnato huo unatokana na kitu kiitwacho gluteni. Imo katika ngano na shayiri pia. Kwa mkeo, askari wa mwili wanaiona kama adui. Wakiipiga vita, wanaujeruhi utumbo wake mwenyewe. Utumbo wenye majeraha haunyonyi chakula vizuri. Ndiyo maana anakula na bado anakonda."

"Na ini?"

"Damu inayotoka utumboni hupitia kwenye ini. Nyumba ya jirani ikiungua, moshi unaingia kwako. Kwa wagonjwa wengi, gluteni ikiondoka, ini hutulia. Lisipotulia, tunatafuta sababu nyingine. Huu si ugonjwa wa kuambukizwa, wala hakurogwa."

Fundi aliitazama mikono yake. "Kumbe mikono hii ndiyo iliyomuumiza."

Mkewe akaishika. "Ilikuwa haijui. Sasa inajua."

Nyumbani wakabadilisha chakula. Mkewe akala wali, mahindi, viazi, maharage, mayai na mboga. Fundi naye, kwa kuwa hakuweza kukaa bila kumwokea, akamtengenezea mkate wa unga wa mchele. Ulibomoka kama ukuta wa mchanga. Mkewe akaula kwa kijiko huku akicheka.

Miezi mitatu ikapita. Kuharisha kulipungua lakini hakukuisha, na vipimo vya ini vilikuwa bado juu.

"Anaiba mikate yako ukilala," alisema dada yake.

Safari hii Fundi hakuyumba. "Dada, mke wangu hajala ngano. Kama kuna kosa, liko mahali ambapo hatujaangalia."

Akaenda kumwomba Bibi Lishe aje kwenye tanuri lake.

"Nionyeshe unavyomwokea mkeo," alisema Bibi Lishe.

Fundi alivaa aproni, kifua mbele. Akachanganya unga wa mchele na mayai. Kisha mkono wake ukaingia kwenye kopo, ukarusha unga ubaoni ili donge lisigande.

"Simama hapo hapo! Umerusha nini?"

Fundi akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kwa miaka thelathini ulikuwa umerusha unga bila kumuuliza mwenyewe.

"Ngano," alinong'ona.

"Hata kiasi kidogo hivyo kinamdhuru. Na hizi sinia? Chungio? Aproni yako? Humu ndani vumbi la ngano limetua kila mahali."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwona mumewe akitokwa na machozi. Akampangusa unga shavuni.

"Usilie, fundi. Leo tumemkamata mwizi."

Tangu siku ile, chakula cha mkewe kilipikwa nyumbani tu, kwa sufuria, ubao na chungio vyake peke yake. Mchele wake ulisagwa kwenye mashine isiyosaga ngano. Fundi aliacha nguo za kazi kazini, akaoga kabla ya kuingia jikoni. Watoto wao wawili nao walipimwa, maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Hawakuwa nao, lakini waliambiwa warudi kupimwa wakiona dalili.

Dada yake Fundi alikuja siku moja, macho chini.

"Wifi, ulimi wangu ulikukosea."

"Umenikosea, ndiyo. Haya, kaa umenye viazi."

Miezi minane baadaye, daktari alisoma majibu akatabasamu. Ini lilikuwa limetulia. Damu ilikuwa imeongezeka.

"Sasa anaweza kuonja ngano kidogo?" aliuliza Fundi.

"Hapana. Ni maisha yote. Lakini kwa njia hii ataishi vizuri."

Walirudi kwa miguu. Kwenye kilima mkewe alitangulia, hatua nyepesi, na Fundi akabaki nyuma akihema.

"Ningoje basi, mke wangu!"

"Nilikungoja mwaka mzima nikiwa mgonjwa, mpaka ukamkamata mwizi. Leo panda wewe!"

Lakini aliteremka, akamshika mkono, wakapanda pamoja.