Gari Linalala Hapa?

Mwegeshi, mtambo wa kuegesha magari, hana kichwa wala macho. Ana mikono tu, mikono sita ya chuma inayochomoza kutoka kwenye shimo mbele ya jengo. Gari likifika hulinyanyua, huligeuza, kisha hulishusha mpaka ghorofa ya kumi chini ya ardhi na kulisukuma kwenye rafu, kama mkate dukani. Asubuhi hiyo jengo lilikuwa linapokea wapangaji wake wa kwanza, na foleni ilikuwa ndefu, maana Dodoma ya siku hizi nyumba ya kupanga yenye maegesho utaitafuta mpaka soli ziishe.

Sekela alikuwa wa kumi na tatu. Ni fundi wa mitambo ya upepo, anapanda mnara wa mita mia bila kupepesa, lakini leo viganja vilimlowa. Ndani ya gari lake alikuwemo baba yake, Mzee Ambakisye. Lenyewe ni garipafu, yaani gari linalompulizia mgonjwa hewa kwa umeme, usiku na mchana. Nyumba nne zilikwisha kuwakataa. Wenye nyumba wanasema jengo si hospitali. Basi kwenye fomu, penye shehena, Sekela akaandika: mizigo. Huko chini kila rafu ina umeme na njia ya ngazi. Angemhudumia humo humo kimyakimya.

Kwenye dirisha la mapokezi aliketi Mzee Chilongola, mpokezi, mtu wa maneno mengi na tabasamu.

"Karibu, mwanangu. Gari linalala hapa?"

"Linalala, mzee. Kila siku."

Nani hajawahi kuulizwa swali hilo? Mikono ikalibeba garipafu. Sekela akaikazia macho taa ya kijani ubavuni mwa gari, ile inayoonyesha kwamba hewa inapulizwa, na kabla gari halijazama, taa ikazimika.

Taa ile ina betri yake. Haizimiki hata injini ikizimwa.

"Mzee, mbona taa imezimika?"

Mwegeshi akajibu mwenyewe, kwa upole. "Gari limelala. Mikondo yote imekatwa. Betri zote zimetenganishwa."

Hapo Sekela akaelewa, akaogopa hasa. Waliomtengeneza Mwegeshi walimfundisha neno "kulala" kwa vitabu vya mitambo, ambamo mashine ikilala huzimwa mpaka ndani. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa watu, gari likilala limeegeshwa tu.

"Liamshe, mzee. Baba yangu yumo ndani."

"Umeandika mizigo," Chilongola akasema.

"Nimedanganya, nisamehe. Ana mtungi wa akiba wenye hewa ya dakika ishirini, basi."

"Nikilirudisha, mkataba wako unafutika."

"Ufutike."

Chilongola akabonyeza kitufe. Dakika mbili zile, jamani, Sekela hakujua ameziishi vipi. Garipafu likaibuka, taa ikawaka. Akaufungua mlango. Baba yake alikuwa macho, jasho limemjaa usoni, mtungi mdogo ukimvumia kifuani. Sekela akamshika mkono akalia bila kuona aibu.

"Umepata nyumba?" mzee akanong'ona.

"Sijapata, baba."

Angeweza kuondoka. Tayari alikuwa ameshika usukani, pale alipomkumbuka mama aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, mwenye gari refu lililozibwa madirisha kwa khanga. Akashuka, akarudi dirishani.

"Mzee, walionitangulia, wangapi wameandika mizigo?"

Chilongola akapitisha kidole kwenye kioo chenye orodha. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Saba."

"Wa kwanza ameingia lini?"

"Dakika kumi na sita zilizopita. Mwegeshi anapandisha moja moja. Dakika mbili kila gari. Mimi ndiye niliyewauliza kama linalala. Mmoja mmoja, kwa mdomo wangu."

"Anza na la kwanza, mzee. La pili liko rafu gani?"

"Ghorofa ya tisa, kushoto."

Sekela akageukia garipafu. Mzee Ambakisye alikuwa amesikia yote. Mkono wake dhaifu ulikuwa umeshaufungua mshipi wa mtungi, anamnyooshea.

"Mimi nina umeme," akasema. "Nenda."

Sekela akaukumbatia mtungi, akazikimbilia ngazi.