Gereji Safi na Maji ya Zambarau

Kwa heshima na taadhima, wasomaji wote mnatangaziwa kwamba tangu dunia iumbwe haijapata kutokea gereji safi kama ya Fundi Kioo. Uamuzi huo ulipitishwa na wajumbe wawili. Wa kwanza ni Fundi Kioo mwenyewe. Wa pili ni mke wake, aliyekubali haraka ili amalize kula kwa amani.

Jina la Kioo alilipata kwa sababu ya sakafu yake. Kila jioni alimwaga sabuni ya unga, akafungua koki, akashika mpira wa maji. Oili iliyomwagika, maji ya breki, vumbi na matope, vyote vilikimbilia kwenye tundu lenye wavu wa chuma pembeni mwa uwanja. Sakafu ikabaki inang'aa. Fundi aliinama, akajitazama humo, akachana ndevu.

"Kwingine ukiingia na soksi nyeupe unatoka na nyeusi," aliwaambia wateja. "Hapa ukitaka, lala chini."

Mtu mmoja tu hakumsifu. Huyo alikuwa dada yake mkubwa, mkulima wa miche. Kitalu chake kilikuwa bondeni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alimwagilia kwa maji ya kidimbwi kilichoko kwenye kijito, na bata wake sita weupe waliogelea humo humo. Kitalu hicho ndicho kilichomlisha. Sasa miche ilikuwa inakauka safu kwa safu, na hakujua ataokoa mingapi.

"Mdogo wangu, maji yangu yananuka gereji," alimwambia Fundi.

"Gereji ziko nyingi, dada."

"Huku juu ya kijito iko moja."

"Maji yangu yanaingia tunduni. Tundu linayapeleka kwenye mtambo wa maji taka, yanasafishwa. Hilo linajulikana."

"Nani alikwambia?"

Fundi alikuna kidevu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemwambia. Aliamini tu kwamba matundu yote ya mjini ni ndugu na hukutana mahali pamoja.

"Linajulikana," alirudia.

Dada aliondoka bila kuaga. Siku tisa hakukanyaga pale. Fundi alijitia hajali, lakini alikuwa akichungulia barabarani kila geti lilipolia. Dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akamfuta kamasi, akampigania shuleni. Gereji bila maneno yake ya kejeli ilikuwa kimya mno.

Siku ya kumi alitokea. Mkononi alikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na maji ya zambarau.

"Haya, mtaalamu. Hili ni gari gani?"

Fundi alicheka hadi akashika kiuno. "Dada, sijapata kutengeneza gari lenye damu ya zambarau. Huo ndio ushahidi kwamba si mimi."

"Nimeifuata rangi," dada alisema. "Kutoka kidimbwini, nikapanda na kijito, nikafika mdomo wa mtaro. Kisha nikachungulia kila mfuniko barabarani. Imeishia hapa."

Alionyesha wavu wa chuma. Kingo zake zilikuwa za zambarau.

Kicheko kilimkauka Fundi. Mkewe akatoka kutazama. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, naye alitoka. Kisha alikumbuka kwamba ana kitabu cha kusoma, akarudi ndani.

Dada hakuwa amekuja peke yake. Nyuma yake alikuwapo Bibi Afya wa mtaa, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira. Alichovya kidole kwenye ndoo, akanusa.

"Hii ni rangi ya keki," alisema. "Haina madhara. Sogezeni ndoo juani."

Waliisogeza. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba, unaometameta rangi nyingi.

"Mmeshtushwa na zambarau," Bibi Afya alisema. "Huu utando mmeuzoea. Hii ni oili. Ndiyo inayoua miche."

"Lakini mtambo unasafisha," Fundi alisema, sauti ikipungua.

"Chini ya ardhi kuna njia mbili, Fundi. Maji ya choo na sinki yanakwenda mtamboni. Huu ni mtaro wa mvua. Hauna mtambo. Kinachoingia hapa kinatokea kijitoni vile vile, na sabuni yako juu."

"Kwa hiyo usafi wangu wote…"

"Uchafu hukuuondoa. Uliuhamishia kwa dada yako."

Fundi alitazama sakafu. Uso uliomtazama kutoka mle haukumpendeza. Lakini hakuwa mtu wa kukaa chini muda mrefu.

"Imekwisha," alitangaza. "Kuanzia leo mpira nafunga. Sakafu itaoshwa na mvua."

"Mvua ni mpira wa maji usio na koki," Bibi Afya alijibu. "Itapeleka kule kule."

"Sasa nisafishe na nini, mama? Na ulimi?"

"Fagia. Usafi mkavu."

Seremala wa jirani alikuwa na unga wa mbao wa kutupa. Bibi Afya alimwaga koleo moja juu ya doa la oili, akaukanyagakanyaga kwa viatu vyake, akasubiri, kisha akafagia. Sakafu haikung'aa, lakini ilikuwa kavu.

"Huu unga sasa una oili," alionya. "Usiutupe jalalani, usiuchome. Uwekee pipa lenye mfuniko. Watu wa taka za sumu watakuja kuuchukua."

Fundi alipoamua jambo, hata mawe yalipata habari. Kabla ya kulegeza nati alisukuma karai chini ya gari. Oili chafu aliimimina kwenye pipa lenye mfuniko, chini ya paa, na pipa akalisimamisha ndani ya sinia pana ili likivuja aone. Maji ya rejeta aliyatenga kwenye chombo chake, kwa sababu wanaokusanya oili ili itumike tena huikataa ikichanganywa. Betri kuukuu zilizokuwa zikinyeshewa uani zilipewa rafu ndani. Vyuma alivioshea kwenye beseni, mbali na mtaro.

"Fundi, umefungua kiwanda cha mbao?" dereva mmoja wa teksi aliuliza.

"Usikanyage. Na gari lako linavuja."

"Kidogo tu."

"Kidogo chako kinanyweshwa miche ya dada yangu. Shuka."

Kando ya wavu aliandika kwa rangi nyeupe: HAPA NI KWA DADA YANGU. MVUA TU.

Kisha mvua kubwa ikanyesha. Ilipopungua, Fundi alichukua mwavuli, akateremka bondeni. Dada alikuwa amesimama ukingoni mwa kidimbwi. Maji yalikuwa ya kahawia.

"Machafu bado," Fundi alisema.

Dada aliinama, akateka kwa kiganja, akanusa, akageuzageuza kiganja kwenye mwanga.

"Matope," alisema. "Matope matupu. Hayana utando." Alinyoosha mkono mwingine. "Nishike, nisiteleze. Mnene wewe una faida leo."

Miche iliyokwisha kufa haikufufuka. Iliyobaki ilitoa majani mapya kabla ya mwezi kwisha, na dada alirudi kumkejeli Fundi kila siku, mara mbili Jumamosi.

Jumamosi moja alifika na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi.

"Nina zawadi," aliwaambia waliokuwa wamekaa. "Ya yule mtu mwenye akili aliyemwaga rangi mtaroni, akatufumbua macho. Laiti ningemjua."

Mkono mmoja ulinyooka kabla kichwa hakijafikiri. Mkono huo, wasomaji wapendwa, ulikuwa wangu. Mimi ndiye yule mtoto aliyekwenda kusoma kitabu.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na sabuni na brashi.

"Bata wangu wawili bado wana madoa," shangazi alisema. "Wanakusubiri."

Baba alinitazama. Mama akauliza ilikokwenda chupa yake ya rangi ya keki. Nikaungama, na naungama tena hapa kwa maandishi. Sikuwa nachunguza mtaro. Sikuwa naelimisha umma. Jioni moja nilikuwa nimerudi kutoka kuwapaka bata rangi kidimbwini na chupa imebaki nusu, nikaogopa kushikwa nayo, nikaimwaga kwenye tundu la baba ili ipotee. Nami niliamini kwamba linakwenda mtamboni.