Kreti ya Ishirini

Kila Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiherehere alimsaidia mama yake kupanga pilipili hoho kwenye kreti. Jina hilo alipewa na bibi yake, na kusema kweli lilimkaa. Kreti ishirini zilichukuliwa na lori la duka kubwa lenye matawi katika nchi nyingi. Kila kreti ilibandikwa lebo yenye namba ya shamba na ya tuta, ili hata pilipili ikiuzwa ng'ambo, ijulikane ilikotoka.

Jumanne moja zilijaa kumi na tisa tu. Mama alikuwa barabarani akilisubiri lori. Tuta la nne lilikuwa na pilipili nono, lakini limefungwa kitambaa chekundu: lilipuliziwa dawa ya wadudu juzi, na haliguswi mpaka siku saba zipite.

"Nikiziosha si zitakuwa safi?" Kiherehere alijiambia. Akachuma, akaosha, akabandika lebo ya tuta la pili.

Lori likafika. Mkaguzi wa duka, mwanamke asiyecheka ovyo, akaanza kupitisha mashine yake juu ya lebo.

"Hizi zinakwenda tawi jipya," alimwambia mama. "Mashamba sitini yanalilisha. Likidanganya moja, tunalifuta kwenye orodha siku hiyo hiyo."

"Sisi hutufuti ng'o!" mama akajibu kwa furaha.

"Najua. Hata wanangu nawanunulia za kwako."

Kreti ya kumi na saba ikapita. Ya kumi na nane. Ya kumi na tisa.

"Hiyo ya mwisho isiende!" akapiga kelele. "Pilipili zake nimezichuma penye kitambaa chekundu. Lebo ni ya uongo."

Mama akaduwaa. Mkaguzi akaishusha kreti, kisha akapima kama kuna dawa kwenye pilipili za kreti nyingine, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa salama.

"Shamba linabaki," mkaguzi akasema hatimaye. "Lakini ningeigundua dukani, lingefutwa."

"Nisamehe, mama," Kiherehere akalia. "Niliogopa tutapungukiwa."

"Kupungukiwa si aibu, mwanangu. Tungesema kumi na tisa, basi."

Mkaguzi akamwinamia Kiherehere. "Duka hili lilianza na kibanda kimoja. Limekua kwa sababu mtu asiyemjua mama yako anaiamini lebo yake, anampa mtoto wake ale. Ukibandika lebo, umetoa ahadi."

Jumanne iliyofuata zilijaa kumi na nane. Kiherehere ndiye aliyekimbilia lori kulisema hilo.