Amepasi Kwenye Mbili Kopa

"Nyigu, hapa Ghala. Mapumziko yakianza, mkamate mhandisi. Pingu, kimya kimya, mlango wa nyuma. Umenipata?"

Nyigu aligusa hereni ya sikio la kulia, ishara yake kwa ofisi: Nimekupata.

Amri yenyewe haikumkaa vizuri.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa umejaa wachezaji wa bridji, ule mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, wanne kila meza, kimya kama chumba cha mtihani. Mhandisi alikaa kushoto kwake, mama mwembamba aliyebana mkoba mapajani. Ndiye aliyezijua namba za siri za milango ya bwawa la maji. Anayezipata anaweza kulizamisha bonde zima, watu wakiwa makazini na watoto wakiwa shuleni. Ofisi iliamini namba hizo zimo kwenye flashi ndani ya mkoba ule, na kwamba wakati wa mapumziko angemkabidhi mgeni wa suti ya kijivu aliyekaa meza ya dirishani.

Kulia kwa Nyigu alikaa mume wa mhandisi. Fundi mitambo wa meli, mtu wa safari, majirani hata sura yake hawaijui vizuri. Faili lilikuwa na picha yake ya pasipoti, na picha za pasipoti unazijua mwenyewe: ungeweza kuwa wewe, ungeweza kuwa mimi. Bonge la mtu, Rolex mkononi, mdomo haupoi. Alikwishawatangazia kwamba yeye na mkewe wanacheza pamoja tangu uchumba, na hata akiwa baharini huwa wanacheza kwenye simu. Mkewe alikuwa akitazama meza tu.

Mwenza wa Nyigu alikuwa Babu, mstaafu wa idara aliyeitwa kazini kwa sababu vijana wote wa ofisi hawajui bridji.

Karata zikagawiwa. Mume akafungua mnada wa kutaja turufu.

"Moja bila turufu."

Nyigu akapasi.

"Mbili kopa," alijibu mhandisi.

Babu akapasi.

"Pasi," alisema mume, akajinyoosha kitini.

Babu aliinua nyusi. Nyigu akapasi kwa sauti ileile ya siku zote, lakini macho yalibaki kwa mume.

Nikueleze, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Wanandoa waliocheza pamoja miaka yote hiyo wana mapatano. Mwenzako akifungua moja bila turufu, nawe una shupaza tano, hutaji shupaza. Unataja kopa, mbili kopa, naye anajua anapaswa kuhamia shupaza. Hana hiari. Kupasi pale ni kumwacha mwenzako uchi sokoni.

Labda hawa hawachezi hivyo. Labda mama ana kopa za kweli. Nyigu alisubiri, akahesabu kila karata iliyoanguka. Mhandisi alikuwa na kopa mbili, tena ndogo. Shupaza alikuwa nazo tano. Akashindwa vibaya sana, na hakumlaumu mumewe hata kwa jicho.

Mume akacheka, akatuma ujumbe kwenye Samsung yake. Alifanya hivyo kila mgao ulipoisha.

Nyigu akaomba radhi, akaenda msalani, akafungulia maji ya bomba.

"Ghala, yule si mumewe."

"Umejuaje?"

"Amepasi kwenye mbili kopa."

Mkuu wa ofisi akakohoa sikioni mwake.

"Nyigu, hebu niambie kwa Kiswahili."

"Mtu anaweza kusahau tarehe aliyooa, Mkuu. Hili halisahauliki. Yule ni mlinzi wa kumchunga, na mume halisi wamemteka. Namba anayoipelekea ujumbe iko wapi?"

Mkuu alinung'unika. Alimkumbusha kwamba flashi ikitoka ukumbini, bonde limekwisha, na atakayejibu ni yeye. Nyigu aliogopa, tusidanganyane. Alikuwa anaweka watu wa bonde zima juu ya karata moja. Lakini hakurudi nyuma. Ndipo kijana wa ofisi anayefuatilia simu akaingilia kutoka kwenye gari lao: namba ile iko mtaa wa pili, ghorofa iliyo juu ya duka la magodoro.

"Pelekeni watu," alisema Nyigu. "Mimi nitachelewesha mapumziko."

Alirudi, akakaa, akainua mkono juu.

"Mwamuzi!"

Mwamuzi alikuwa mama wa miwani asiyejua kucheka. Nyigu alilalamika kama mtu mwenye roho ndogo: wapinzani hawakuelezwa maana ya jibu lile, na sheria inawapa haki ya kuelezwa. Meza za jirani zikaanza kusonya. Mwamuzi akafungua kitabu cha sheria polepole, akamgeukia mume.

"Mkeo aliposema mbili kopa, alimaanisha nini?"

"Kopa ni kopa, mama."

Mwamuzi akamgeukia mhandisi. Huyu akaubana mkoba zaidi. Alimtazama Nyigu kwa mara ya kwanza tangu wakae meza ile.

"Mume wangu angehamia shupaza," alisema.

Mkono wa bonge ulishuka kwenye simu.

Kalamu ya Nyigu, Parker ya kuandikia matokeo, ilikuwa tayari chini ya meza. Sindano yake ya usingizi ikamwingia mtu yule pajani. Bonge alijaribu kuifikia bastola ya Glock ndani ya koti, akaishia kulala kifuani pa Babu. Babu alimpokonya simu huku akilalamika kuhusu mgongo wake. Ujumbe ulikuwa haujatumwa. Ulikuwa neno moja: *Mmalize*.

Mgeni wa suti ya kijivu akainuka. Wahudumu wawili, ambao maisha yao yote hawajawahi kumimina chai, wakampokea mlangoni.

"Ghala, vipi?"

Aligusa hereni tena.

"Ghala!"

Kishindo. Mlango unavunjika. Risasi moja. Halafu sauti inayohema.

"Tunaye. Yuko hai. Meno mawili hana, lakini anamuulizia mkewe."

Nyigu alimwambia mhandisi. Mama yule alilia bila sauti, kisha akatoa flashi akaiweka mezani katikati ya karata.

"Tangu asubuhi, kila akifungua bila turufu namjibu hivyo," alisema. "Kila meza tuliyohamia, nikitumaini mtu atashtuka. Watu walifurahia pointi tu."

"Pole, dada."

Mhandisi alifuta uso. Jicho lake likaangukia pingu zilizochungulia kwenye mfuko wa koti la Nyigu. Alizitazama kitambo.

"Hizo zilikuwa za nani?"

"Zako."

"Na kama yule mtu angejua kucheza?"

Nyigu angeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa huruma.

"Ningekukamata."

"Na mume wangu?"

"Wangemuua."

Nyigu alimfunga bonge pingu zile, akavaa koti, akamwachia Babu maelezo yote. Alipita katikati ya meza kwa mwendo wake wa kawaida, na mpaka anatoka mlangoni hakugeuka nyuma, maana alijua yule mama bado anamtazama.