Mikono Iliyoganda Kwenye Simu

Mwanamvua anauza vitenge Majengo, mjini Sumbawanga. Mwanawe, Fahadi, yuko Mbeya, amemaliza kujifunza ushonaji na anatafuta kazi. Fahadi ni kiziwi tangu utotoni. Kila siku saa kumi na moja jioni yeye na mama yake hupigiana simu ya video na kuongea kwa mikono.

Mwezi ule video ilianza kukwama. Wanaosikia wangevumilia, maana sauti ingepita. Kwa Mwanamvua, picha ikiganda, neno limekatika.

Jumatatu Fahadi alionyesha alama ya hospitali. Papo hapo mikono yake ikaganda kifuani.

Mwanamvua akapiga tena. Ikaganda. Akazunguka sebuleni na simu juu, akatoka barazani kwenye baridi, akarudi. Ujumbe ukaingia: "Siumwi, mama. Nataka nikuone uso nikikuambia." Hata hivyo moyo haukutulia.

"Ni huyu jirani tu," alijisemea. "Ananiibia Wi-Fi."

Jirani huyo ni Ndimyake, mtumishi wa serikali. Naye aliweka Wi-Fi nyumbani kwake mwezi uleule. Mwanamvua alikuwa amebadilisha nywila, lakini hali haikubadilika. Asubuhi Ndimyake alipomsalimu, Mwanamvua alipita bila kuitika.

Jumanne alasiri alimwita Janeth, fundi wa mitandao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nionyeshe mwizi wangu."

Janeth alifungua programu kwenye simu yake, akatazama, akacheka kidogo.

"Mama, hakuna mwizi. Wi-Fi hupita hewani kama redio, na ina njia zake. Tunaziita chaneli. Ruta yako, hiki kisanduku cha Wi-Fi, iko chaneli ya sita. Ya jirani nayo iko ya sita. Moja ikituma, nyingine lazima isubiri. Mnagombania mlango mmoja."

"Basi niweke ya saba."

"Hapana. Chaneli zilizo karibu huingiliana. Ukiwa ya saba, kelele za ya sita zitakufikia. Tunatumia ya kwanza, ya sita au ya kumi na moja. Hizo zimeachana vya kutosha. Hapa naona nyumba ya nyuma iko ya kumi na moja. Wewe uende ya kwanza, jirani abaki ya sita. Tumwite, asije akahamia chaneli yako bila kujua."

Mwanamvua aliona aibu, lakini akaenda kugonga.

Ndimyake alisikiliza, kisha akashika kichwa. "Mama Fahadi, yangu nayo inakwama kila jioni. Nilidhani ninyi ndio mnaniibia! Nimebadilisha nywila mara mbili."

"Mimi mara tatu," alisema Mwanamvua. "Nisamehe, baba. Hata salamu yako nilikunyima."

"Yameisha, mama."

Janeth aliingia kwenye mipangilio ya ruta, akaweka chaneli ya kwanza. Ruta ilizimika, ikawaka tena. Kwa Ndimyake hakugusa kitu, ila alimwonyesha chaneli yake ili asiibadilishe.

Saa kumi na moja ilikuwa bado. Mwanamvua hakuweza kungoja. Akapiga.

Fahadi alitokea, mikono yake ikaenda bila kukatika: hospitali, kazi, kushona. Amepata kazi ya kushona mashuka na sare za wauguzi. Anaanza Jumatatu.

Mwanamvua aliweka simu mezani apate mikono yote miwili ya kumjibu.