Ndoo Chini ya Kiyoyozi

Sogeeni. Sogeeni hapa, magoti yagusane, na wewe unayetafuna, tema kwanza. Kisa hiki hakisikilizwi na kitu mdomoni. Nyamazeni, mtaelewa kwa nini.

Alikuwepo fundi cherehani mmoja, watu wakimwita Mama Mkasi, maana mkasi wake haukumtoka kiunoni hata akienda sokoni. Alikuwa akimuuguza mama mkwe wake, bibi aliyepooza upande mmoja na kupoteza sauti. Daktari alishasema: chumba kiwe baridi mchana na usiku, joto likimzidi, moyo wake hautahimili. Basi kiyoyozi cha ukutani ndicho kilichoishikilia roho ya bibi yule.

Jioni moja, jua likizama, Mama Mkasi aliingia na bakuli la uji. Hewa ikampiga usoni.

Ya moto.

Na harufu... Kama tambara bichi lililosahaulika kwenye ndoo pamoja na panya. Bibi kitandani alikuwa akihema juu juu, jasho linamtiririka. Mama Mkasi akampigia simu fundi wa viyoyozi.

"Mama yangu, niko juu ya paa la watu, mpaka kesho," fundi akasema. "Lakini tuangalie vidogo vidogo kwanza. Betri za rimoti?"

"Mpya."

"Inaonyesha alama ya barafu au ya jua? Juzi nimepanda ghorofa nne kwa mzee aliyejiwashia joto mwenyewe, halafu matusi nikala mimi."

"Barafu, baba."

"Mashine ya nje inazunguka?"

"Inanguruma."

"Basi chujio limeziba. Zima umeme, fungua kifuniko cha mbele, livute, lioshe. Halafu tazama lile bomba la maji. Yanatoka?"

Mama Mkasi akaitazama ndoo iliyokinga bomba, pembeni ya kitanda. Ndoo ile aliileta wifi yake, dada wa mumewe, mwezi mmoja nyuma, siku aliyojitolea kuifuta mashine vumbi. "Maji haya usimwage, wifi," alimwambia. "Masafi kama ya mvua. Lowekea meno ya mama." Na yeye, kwa kutotaka maneno na mawifi, kila usiku aliyaloweka meno ya bandia ya bibi kwenye maji yale. Asubuhi akimvisha mdomoni yakichuruzika.

"Yanatoka," akasema. "Lakini... ni mazito."

"Mazito vipi?"

Alishaweka simu chini.

Akazima umeme. Akapanda kigoda, akafungua kifuniko, akalivuta chujio. Halikuwa na vumbi.

Lilikuwa na nywele.

Mvi. Zimeshikamana kama sufi iliyolowa mafuta, na ndani yake magamba ya ngozi, na kucha. Kucha za binadamu, za njano, zimepinda. Akakumbuka. Mwezi mzima kichwa cha bibi kilikuwa kikipukutika, ila mto ulikuwa safi kila asubuhi. Hakuwahi kujiuliza nywele zinakwenda wapi.

Akaliweka chujio chini. Bado bomba.

Akaingiza kidole kwenye mdomo wa bomba. Ndani palikuwa vuguvugu. Akagusa kitu laini, kinateleza kama ufizi. Akakibana, akakivuta. Ukatoka msokoto wa nywele, mnene kama kamba ya mbuzi, unadondosha ute kama wa yai lililooza.

Kitandani, bibi akakohoa.

Akavuta tena. Bibi akakohoa tena.

Mama Mkasi akageuka polepole. Meno ya bandia yalikuwa yamelegea, na chini yake, juu ya ulimi, ulilala msokoto mwingine. Akauvuta ule wa bombani kidogo tu, kujaribu. Ule wa mdomoni ukazama kooni. Shubiri kwa shubiri.

Akatulia. Ndipo bibi, aliyekuwa hajatamka neno kwa wiki tatu, akanong'ona.

"Usivute... mwanangu... Kata."

Akachomoa mkasi. Haukukata kama unavyokata nywele. Ulikata kama unakata gegedu. *Krrap.*

Bomba likatapika. Maji meusi yakajaa ndoo, na mwishoni likadondoka furushi dogo la kitambaa lililoshonwa kwa mkono. Mama Mkasi alikitambua kitambaa. Kilikuwa kipande kilichobaki kwenye gauni alilomshonea wifi yake, ambacho wifi mwenyewe alikiomba. "Nipe tu, nitafutia meza."

Hakulifungua. Alilichoma uani, likalia kama nyama motoni. Akarudi kumtoa bibi meno, akaingiza vidole kooni, akaanza kuuvuta ule msokoto. Safari hii ulikuja. Ulikuja, ulikuja... mpaka taa za barabarani zikawaka.

Alipowasha umeme, baridi ikarudi.

Simu ikaita. Ilikuwa ya wifi. Alikuwa akikohoa tu.

Kesho yake fundi alikuja, akakagua, akasifia. "Mama, umesafisha kunishinda mimi. Hapa hakuna ubovu wowote."

Bibi aliishi miaka miwili zaidi, akila kwa fizi zake. Alipofariki, nyumba aliirithi mwanawe, mume wa Mama Mkasi. Meno yalizikwa peke yake, mbali. Wifi, aliyebaki na sauti ya kukwaruza maisha yake yote, hakudai chochote ila kile kiyoyozi. Akapewa. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anakitakia nini.

Na mkasi niliurithi mimi, binti wa Mama Mkasi. Ndio huu ninaowakatia kucha. Nikimaliza nauosha, naukausha, naufunga. Nikija kuufungua, katikati ya makali pana unywele mmoja. Mvi. Mbichi.

Nanyi mnanijua, wajukuu zangu. Kichwa changu hiki hakina hata unywele mmoja.