Zimwi Lapewa Jina

Mdomo huponza kichwa, walisema wa kale. Mdomo wa msimuliaji huyu uliponza kichwa cha mwingine.

Jioni ile alikwenda maktaba kama kila Jumamosi, kigoda kwapani, kuwasimulia watoto na wazazi wao. Watu walimwita Kinanda kwa uzuri wa sauti yake, na sifa zilikuwa zimemlevya. Nyuma yake alifuata mkwewe, mke wa mwanawe, amemshika mkono mjukuu waliyemwita Kifaranga, mtoto asiyenyamaza hata akiwa na tonge mdomoni.

Ukumbi ulijaa, watoto mikekani, wazazi vitini. Kinanda akaanza hadithi ya zimwi linalokula sauti za watoto. Wote waliijua kama njia ya chooni.

"Bibi, umeruka!" Kifaranga akadakia. "Zimwi hubisha hodi kwanza!"

Watu wakaangua kicheko. Kinanda akacheka nao, kicheko cha meno.

Shangazi yake aliyemfunza kazi alimwachia mwiko mmoja tu: mtoto wa hadithini asipewe jina la mtu aliyemo ukumbini. Aliujua vizuri. Lakini mwenye kiburi akichekwa, hakumbuki miiko.

"Ehee! Basi mtoto huyo mjuaji," akasema, "aliitwa Kifaranga."

"Mama, usimtie mwanangu humo," mkwewe akanong'ona.

"Nyamaza nawe. Umeshindwa kumfunza adabu, acha nimfunze mimi."

Zimwi likabisha.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Ndivyo Kinanda alivyofanya siku zote, akikwaruza kwa kucha zake chini ya kigoda. Watoto wakapiga ukelele wa raha.

Ila safari hii mikono yake ilikuwa mapajani.

Mlio ulitoka nyuma. Ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kiti cha mwisho, kilichokuwa kitupu, sasa kilikuwa na mtu. Mrefu. Amejifunika shuka hadi puani. Kucha zake zilikwaruza kiti cha mbele yake, polepole...

Na Kifaranga alikuwa ameshainuka. Alimwendea kama aliyeitwa.

"Basi zimwi," Kinanda akaharakisha, "likamhurumia mtoto, likaenda zake..."

"Siyooo!" watoto wakapaza. "Mwisho sio huo!"

"Nimesema likaenda zake!"

"Bibi muongo!"

Wazazi nao, wakidhani ni mchezo, wakapiga makofi ya kuchochea. "Likafanya nini, watoto?"

Ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja, kama alivyowafunza mwenyewe:

"LIKALAMBA KOO, LIKAONDOKA NA SAUTI!"

Kiti cha mwisho kilikuwa kitupu tena. Kifaranga alisimama kando yake, mdomo wazi, machozi yakimtiririka, wala kilio hakitoki.

"Sema, mwanangu," mama yake akamtikisa. "Sema 'mama'. Sema chochote!"

Hajasema hadi leo. Madaktari wamemmulika koo, hawakuona hata kidonda.

Mkwewe hataki tena kumtia Kinanda machoni. Majirani wanamsema kwamba hana haya, kwani bado anakwenda maktaba na kigoda chake. Hawajui. Watu wakishatoka, anapokunja mikeka, kiti cha mwisho humwita. Kwa sauti ya Kifaranga, nyororo vilevile.

"Bibi... nipe jina jingine. Nikurudishie sauti hii."

Jumamosi iliyopita alifika mapema. Akaweka kigoda mlangoni, akatabasamu, akawa anamuuliza kila mtoto anayeingia:

"Unaitwa nani, mjukuu wangu?"